Shangazi, hawa Wajerumani wananichukia au mi ndo siwaelewi?

Shikamoo shangazi,

Naomba usinitaje jina maana kuna ndugu zangu wanasoma safu yako na nyumbani wote wanajua niko vizuri. Mimi ni binti wa miaka 24, niko Ujerumani, mji mdogo tu karibu na Stuttgart, nimekuja kusomea uuguzi kwa ile njia ya Ausbildung, yaani unasoma huku unafanya kazi hospitali na unalipwa kidogo kidogo, miaka mitatu. Nilianza Oktoba, sasa hivi ni Januari na nimechoka. Sio kuchoka mwili, kazi naiweza, ni moyo ndo umechoka. Nitakuandikia tu yanavyonijia, usitafute mpangilio.

Wiki ya pili kazini nikaambiwa kesho shifti inaanza "halb sieben". Mi najua halb ni nusu, sieben ni saba, basi ni saba na nusu, nikaseti alamu, nikafika dakika kumi kabla, najisifu kimoyomoyo, kumbe nimechelewa dakika hamsini nzima. Mkuu wa wodi hakufoka, na bora angefoka shangazi, aliangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa mbele ya wagonjwa "umechelewa dakika 50, hiyo hapa haiwezekani" akaendelea na dawa zake. Hakuna hata kuuliza umepatwa na nini njiani.

Ninapoishi ni jengo la fleti sita, mimi niko juu kabisa na chini yangu kuna bibi mmoja anaishi peke yake. Jumapili moja natwanga vitunguu saumu kwenye kinu changu kidogo nilichokuja nacho kwenye begi, saa nane mchana, sio usiku, bibi kapanda ngazi kaja kugonga. Ananiambia leo ni Jumapili. Nikamjibu ndiyo, leo ni Jumapili. Akarudia kwa mkazo, LEO NI JUMAPILI, akashuka zake, mi nimebaki nimeshika mchi mlangoni kama zuzu. Wiki iliyofuata nikakuta kibao kimetundikwa kwenye kitasa changu kimeandikwa Kehrwoche, nikajua ni pambo limekosea mlango, nikakihamishia kwa jirani wa pembeni. Baada ya siku kadhaa nakuta barua kwenye boksi langu, kurasa mbili, imeandikwa kwa mkono, kwamba ngazi hazijafagiliwa na kwamba kwenye pipa la karatasi nimetupa boksi bila kulikunja. Kurasa mbili! Na tunapishana kwenye ngazi kila siku ya Mungu, si angeniambia tu? Halafu cha ajabu huyo huyo bibi ndo alipokea kifurushi changu cha nguo za baridi siku niko kazini, akakileta mwenyewe mpaka juu, nikamkaribisha ndani hataki, akanikabidhi akageuka. Sijui nimweke kundi gani.

Novemba nilikuwa na siku ya kuzaliwa. Tarehe yangu iko kwenye kalenda ya chumba cha mapumziko, kila mtu anaiona, nikajua watu wa wodi watafanya kitu japo kidogo. Wakanipa mkono mmoja mmoja, hongera, basi imeisha. Wakati wa mapumziko mmoja ananiuliza "keki iko wapi?" nikaona ananidhihaki, nikaenda chooni nikalia. Desemba nikasema mi sitakuwa kama wao, mkuu wa wodi alikuwa anatimiza miaka Jumamosi na mimi sipo kazini siku hiyo, nikamtakia heri Alhamisi mbele ya wenzake wote. Kimyaaa. Mmoja akagonga meza mara tatu. Mkuu akasema asante ila uso ulibadilika kabisa.

Kuna msichana tunakaa naye dawati moja darasani, alishasema mwenyewe siku moja tuonane nje ya shule. Jumapili moja upweke umenizidi nikaenda kwao, nikabonyeza kengele, akatoka, tukaongea pale pale mlangoni dakika kumi tumesimama, kwaheri. Karibu ndani haikutoka. Nilirudi natembea huku machozi yananigandia usoni.

Wodini pia kila kitu nakosea. Bibi mgonjwa wa miaka zaidi ya 80 nilimwambia "du", yani wewe, akaninunia siku nzima, mkuu akaniambia sema "Sie", ile wewe ya heshima. Na kuna muuguzi mmoja mtu mzima, ndo mkali kuliko wote, ananirekebisha mpaka namna ya kukunja shuka, kabla ya Krismasi akaja akanipa mkono akanitajia jina lake la kwanza, wakati nafanya naye kazi tangu Oktoba na jina lake nalijua, akaondoka. Nikaona labda uchovu wa shifti. Kuna kijana mwingine anaigiza Kijerumani changu wenzake wanacheka, nikishika mashine anauliza kama huko porini kwetu umeme upo, na siku moja aliniita nyani akasema ni utani. Na mgonjwa mmoja alikataa nisimguse.

Juu ya yote imekuja barua nadaiwa hela ya redio na tivii na mi hata tivii sina. Saa kumi na nusu jioni giza linaanza kuingia. Mama ameshatangaza mpaka kanisani kwamba binti yake yuko Ulaya, kila wiki kuna ndugu ana shida.

Kipindi cha majaribio kinaisha mwisho wa Machi. Nawaza niondoke kabla hakijaisha maana kikishapita nitakuwa nimefungwa miaka mitatu. Shangazi niambie ukweli, hawa watu wananichukia au mi ndo siwaelewi? Nirudi?

Wako, Aliyechoka Moyo

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mi mwenyewe nilikaa Leipzig miaka tisa, kwa hiyo kuna mahali nimecheka peke yangu hapa (hicho kibao ulichomhamishia jirani, jamani!) na kuna mahali nimeacha kucheka. Kinu umekipa mistari mitano. Mtu kukuita nyani umempa nusu mstari, katikati ya shuka na tivii, kama vile ni moja ya vile vimila vya kule ambavyo mgeni inabidi avizoee. Hapana. Hicho sio kimila. Wajerumani wenyewe wana sheria ya mwaka 2006 inayokataza kumbagua na kumdhalilisha mtu kazini kwa sababu ya asili yake, inaitwa AGG, na inamhusu mwanafunzi wa Ausbildung sawasawa na mfanyakazi wa kudumu. Utani haumo humo kama kisingizio.

Kwa hiyo tuanze na huyo kijana, ya keki yatasubiri.

Leo hii chukua daftari uandike: tarehe, saa, alisema nini kwa maneno yake yale yale ya Kijerumani, nani alikuwepo. Ukisahau tarehe andika hata "wiki ya kwanza ya Desemba, shifti ya asubuhi". Kule neno la mdomo ni hewa, karatasi ndo kitu, utakuja kuniambia. Ukishaandika nenda kwa Praxisanleiter wako, yule mwelekezaji wa vitendo, unaye hata kama hujakaa naye vizuri, kwa sababu sheria ya uuguzi inasema angalau asilimia 10 ya saa zako za vitendo, na ni saa 2,500 kwa miaka yote mitatu, uwe unaelekezwa na mtu mwenye kazi hiyo. Ukiona anakuzungusha kuna wawakilishi wa wanafunzi, kuna baraza la wafanyakazi ambalo sehemu nyingi wanaliita Betriebsrat (kwenye hospitali ya serikali au ya kanisa lina jina lingine, uliza tu), na kila mwajiri anatakiwa awe ametaja mahali pa kupeleka malalamiko ya ubaguzi. Ukitaka mtu wa nje kabisa, Berlin kuna ofisi ya serikali ya kupinga ubaguzi, inaitwa Antidiskriminierungsstelle, inashauri watu bure. Ila usichelewe, maana ukitaka kudai fidia kwa sheria hiyo muda ni miezi miwili tu, na miezi ya mtu mwenye huzuni inakimbia sana.

Najua unachoogopa, kwamba uko kwenye majaribio watakufukuza. Ni kweli kwenye majaribio wanaweza kuachana na mtu bila kutoa sababu, siwezi kukudanganya. Lakini kukufukuza kwa sababu umelalamika wamekatazwa, na ndo maana nataka karatasi yako yenye tarehe iwepo kabla, sio baada.

Huyo mgonjwa aliyekataa umguse, mwambie mkuu wa wodi, kupanga nani ahudumiwe na nani ni kazi yake, usibaki chumbani unabishana nae peke yako. Kwenye wodi ya wazee wengine akili imeshachoka, wengine ni ubaya wao wa siku zote, vyovyote iwavyo sio mzigo wa mwanafunzi wa miezi minne.

Haya. Sasa yaliyobaki ni mambo mengine kabisa, na nikuambie tu, ndani ya barua yako hiyo hiyo kuna watu wawili wameshakupokea na wewe hukuona.

Wa kwanza ni yule muuguzi mkali wa mashuka. Mwanangu, yule hakuchoka na shifti! Alikupa "du". Tuelewane hapa maana ndo kiini cha vitu vingi. Sisi neno wewe ni moja, unamwambia mtoto wewe na unamwambia rais wewe, heshima yetu tunaiweka kwenye salamu, ukishatoa shikamoo umemaliza, baada ya hapo mnaongea kawaida. Wao shikamoo hawana, heshima wameiweka kwenye neno lenyewe la wewe, kwa hiyo kumwambia bibi wa miaka 80 usiyemjua "du" ni kama ungeingia kwa bibi yako mzaa baba ukamsalimia "mambo vipi". Sasa kutoka Sie kwenda du hakutokei hivi hivi, kuna mtu lazima aufungue huo mlango, na anayefungua ni mkubwa, wa umri au wa cheo, mdogo haruhusiwi kuanza. Na anavyofungua ndo hivyo hivyo ulivyoeleza: anakupa mkono, anataja jina lake la kwanza. Wewe ulitakiwa ushike ule mkono, utaje lako, mcheke kidogo, basi, kuanzia hapo mnaitana kwa majina. Nina uhakika mpaka leo unamwita Frau fulani na mama wa watu anajiuliza kakukosea nini. Kesho mfuate umwambie hukuelewa, kwenu mambo hayaendi hivyo, na umtajie jina lako. Yeye atafurahi na ataendelea kukurekebisha mashuka vile vile.

Kwa sababu huko ulipo, eneo la Schwaben, wana msemo wao kwamba usipogombezwa basi umeshasifiwa vya kutosha. Yaani kimya ndo pongezi. Ukifanya vizuri hutasikia kitu, ukikosea utaambiwa hapo hapo, kosa lilivyo, bila sukari, halafu mtu anageuka anaendelea na kazi na keshalisahau. Sisi tumelelewa kwamba mtu akikusema mbele za watu bila kuzungukazunguka basi ana jambo na wewe, kuna kinyongo cha zamani. Yule mkuu wa wodi hakuwa na kinyongo. "Umechelewa dakika 50" kwake ni taarifa, kama kusoma presha ya mgonjwa. Mi ilinichukua mwaka mzima kuacha kupeleka maneno ya namna hiyo nyumbani na kulala nayo, na sio kwamba baadae niliyapenda, hapana, mpaka leo naona kidogo cha "pole" hakingemuua mtu.

Na hiyo halb, usijilaumu, imewatia aibu wengi. Wao wanahesabu nusu ya kwenda kwenye saba, sio saba na nusu, kwa hiyo halb sieben ni 6:30, kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Halafu wewe una mzigo mara mbili maana kichwa cha Mswahili kikisikia sieben kinaanza kwanza kugeuza kuwa saa moja, ukiongeza na nusu yao iliyorudi nyuma unapotea kabisa. Omba wakuandikie kwa tarakimu. Hakuna atakayekucheka, watu wa kupenda maandishi hao.

Wa pili aliyekupokea ni bibi wa chini. Ndiyo, huyo huyo wa kurasa mbili.

Kwanza Jumapili. Kule Jumapili sio siku ya kanisa tu, ni siku ya kimya kisheria, utulivu wake umelindwa mpaka kwenye katiba, kifungu walikichukua kwenye katiba yao ya 1919 wakakiingiza kwenye hii ya sasa. Hupigilii misumari, hukati majani kwa mashine, chupa za glasi huendi kuzitupa kwenye yale makontena ya mtaani. Kwa hiyo kinu chako kimegongana na katiba ya Ujerumani, na bibi alipokuambia leo ni Jumapili kwa akili yake alikuwa ameshamaliza kueleza kila kitu. Siku za kawaida kimya ni kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na majengo mengine mchana pia yana saa zake za kupumzika, angalia kwenye kanuni za nyumba, zimebandikwa pale chini kwenye ngazi au zimo kwenye mkataba wako.

Kehrwoche nayo ni neno lililounganishwa, kufagia na wiki, ni zamu. Kibao kinazunguka mlango hadi mlango, kikifika kwako wiki hiyo ngazi ni zako. Kuna zamu ndogo ya ndani na zamu kubwa ya nje, nje ni njia ya miguu na mapipa, na theluji ikidondoka anayefagia theluji asubuhi na mapema ni mwenye zamu. Leipzig kwetu haikuwepo kwa ukali huo, hiyo ni sifa ya watu wa huko kwenu. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, sasa wenzetu wamekupa ufagio, tena wamekutundikia mlangoni. Ni kwamba wamekuhesabu mkazi! Mpitaji hapewi zamu.

Na kwa nini aliandika asikuambie, nadhani (hapa nakisia, ila nimekaa nao) ni kwamba kwenye ngazi majirani wengine wangesikia, na karatasi unaweza kuisoma taratibu ukiwa na kamusi. Mtu aliyekaa chini akaandika kurasa mbili kwa mkono kwa mgeni asiyejua lugha vizuri hajakuchoka, angekuwa amekuchoka angeandika mistari mitatu kwa mwenye nyumba. Kifurushi nacho alikipokea, akapanda nacho ngazi na umri ule. Hakuingia kwako kwa sababu hukuwa umemwalika, ulimkaribisha pale pale ghafla, na kwao hivyo ni vitu viwili tofauti. Simsafishi kila mtu, majirani wenye kisirani wapo dunia nzima na kule wamejaa, kuna mzee mmoja alikuwa ananichungulia dirishani nitupe nini kwenye pipa gani. Ila bibi wako simuoni hivyo.

Hapo hapo ndo ilipo habari ya rafiki yako wa darasani. Ulimkuta hajajiandaa, labda nyumba imetapanyika, labda ana kichwa, kule nyumba ni ya ndani kweli kweli, na kumtokea mtu mlangoni hakumwonyeshi upendo, kunamshtua. Sisi "siku moja tuonane" tunaitimiza kwa kupita tu ukiwa njia hiyo. Wao wanaitimiza kwa kalenda. Mwambie: Jumamosi ijayo saa tisa una nafasi? Utaona anatoa simu anaangalia tarehe, na ikifika hiyo tarehe yupo, mvua inyeshe isinyeshe. Halafu jiunge na chama, wanaita Verein, kwaya, mpira wa mikono, kutembea milimani, chochote, kila kamji kana vyama vyake. Watu wasioongea na mtu kwenye treni mwaka mzima ukiwakuta kwenye chama chao hunyamazishi. Na kozi za Volkshochschule, yaani vyuo vya elimu ya watu wazima, zipo karibu kila mji na hazina bei ya kutisha, utasaidika pia na hicho Kischwaben maana nina hakika ulivyofundishwa darasani na unavyosikia wodini ni lugha mbili.

Keki. Hii nimecheka ila najua iliuma. Anayezaliwa ndo analeta keki. Wenzio walikuwa wanaingia chumba cha mapumziko wanaangalia meza, wanasubiri yako, na aliyeuliza iko wapi aliuliza kweli kabisa, ana njaa! Na kumtakia mtu heri kabla ya siku yenyewe kwao ni mkosi, ndo maana yule akagonga meza, wanagonga mbao kufukuza balaa. Baada ya siku kupita inaruhusiwa, hata wiki mbili baadae, kabla ndo kamwe. Kwa hiyo bado hujachelewa: oka au nunua keki, peleka wodini, sema ni ya Novemba, nilikuwa sijui. Hiyo hadithi wataizungumza mpaka Pasaka.

Hela ya redio na tivii, lipa. Sio matapeli. Ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na tivii usiwe nayo, na ukiipuuza inazaa faini. Lakini ni kwa nyumba, sio kwa kichwa, kwa hiyo siku ukiishi na mwenzako analipa mmoja. (Na neno hela lenyewe limetoka kwao, Heller, sarafu waliyoileta Afrika Mashariki mwaka 1904, kama shule ilivyotoka kwenye Schule. Wametuachia hela na shule, sasa umezifuata zote mbili huko huko.)

Giza usilichukulie poa. Umezaliwa mahali jua linachomoza na kuzama saa zile zile mwaka mzima, mwili wako haujawahi kuona kitu kama Desemba ya Stuttgart, unaingia kazini giza, ukilala kidogo mchana unaamka giza. Ukitoka shifti ya asubuhi usiende moja kwa moja kitandani, tembea nje nusu saa hata kama kuna baridi, na ukiona usingizi na hamu ya kula vimeharibika muone daktari wako umwambie wazi. Na maamuzi ya maisha usiyafanye Januari.

Kwa sababu hilo la kuondoka umelielewa vibaya, na hapa nisikilize vizuri. Umesema majaribio yakipita Machi umefungwa miaka mitatu. Hujafungwa. Wakati wa majaribio upande wowote unaweza kuvunja mkataba siku yoyote, kweli, lakini baada ya majaribio wewe mwanafunzi bado unaweza kuacha kwa kutoa taarifa ya wiki nne. Ni mwajiri ndo anabanwa, yeye baada ya hapo hawezi kukuondoa bila sababu nzito. Kwa maneno mengine Machi ikipita unakuwa na nguvu zaidi, sio pungufu, na suala la huyo kijana wa nyani, ambalo unalianza leo, utalisimamia vizuri zaidi. Kitu kinachobana ni kibali chako cha kuishi, kimeshikana na mafunzo. Ukiacha una wiki mbili za kuiarifu ofisi ya wageni. Mtu ambaye mafunzo yamekatika bila kosa lake anapewa mpaka miezi sita atafute nafasi nyingine, ila wewe ukinyanyuka mwenyewe ukaondoka kwa hasira huwezi kuitegemea hiyo. Kwa hiyo kama hospitali hiyo itashindwa kukulinda, tafuta kwanza hospitali nyingine ya kuendelea nayo, uwe na mkataba mkononi, ndo uage. Kabla hujasaini chochote pita kwa washauri wa wahamiaji, mashirika kama Caritas na Diakonie wana ofisi zao miji mingi na hawatozi.

Mama yako mpigie siku ukiwa umelala vizuri, umwambie mshahara ni wa mwanafunzi na makato yalivyo, umtajie kiasi kimoja utakachoweza kila mwezi, hata kikiwa kidogo, na ndugu wengine wapitie kwake. Atanuna wiki moja. Habari ya huyo kijana pia mwambie, sio kwa ajili ya hela, wewe mwambie tu, ni mama yako.

Kwa hiyo jibu la swali lako: mmoja ndiyo, anakudharau, na huyo unamwandikia. Wengine wote ulionitajia, ukimtoa yule mgonjwa, sioni chuki, naona watu wanaokusubiri ulete keki.

Kibao kikirudi mlangoni kwako fagia Ijumaa au Jumamosi, sio Jumapili nakuomba, halafu ukitundike kwa anayefuata ila safari hii uliza kwanza ni nani. Na kinu kiwekee taulo lililokunjwa chini.

Shangazi